Siku moja Nara, usiku mmoja kwa familia ya Asuka: mwongozo kwa kiongozi wa kikundi cha wanafunzi

Maswali ni yaleyale kila msimu wa safari. Wanafunzi wabebe nini? Tupande treni gani? Asiyekula nguruwe atapikiwa nini? Na kwa nini mwenyeji alibadilika uso mgeni alipotoka bafuni? Hapa tunayajibu kwa kufuata siku yenyewe. Mfano wetu ni wanafunzi 20 na walimu 3. Wanatoka Kyoto asubuhi, wanatembea Nara hadi mchana, jioni wanakabidhiwa kwa familia katika kijiji cha Asuka, kusini mwa jiji la Nara. Asuka ni kijiji cha mashamba na makaburi ya kale ambacho kimezoea kulaza vikundi vya shule majumbani, vya Kijapani na vya kutoka nje.

Jambo moja kabla ya yote: ipange siku kwa kurudi nyuma. Anza na saa ambayo familia zitakuwa zinawasubiri, hesabu safari ya treni, hesabu chakula cha mchana, kinachobaki ndicho cha kutembelea. Wengi hufanya kinyume. Wanajaza mahekalu matano asubuhi, kisha wenyeji, wengi wao watu wazima walioanza kupika mapema, wanakaa ukumbini kungoja wageni ambao bado wanapiga picha na kulungu.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Kwa kiongozi:

- Nafasi iliyothibitishwa. Huombwi kuzitafuta familia moja moja. Unapitia ofisi inayoratibu wageni wa eneo hilo. Kwa kawaida nyumba moja huchukua wanafunzi 3 hadi 5 wa jinsia moja.
- Fomu ya kila mwanafunzi (hatua ya 1).
- Ratiba iliyochapishwa kwa saa za tarakimu: 09:00, 14:00, 15:30. Usiandike «saa nane» peke yake. Mwanafunzi aliyezoea saa zetu ataelewa 14:00, mwenzake anayesoma shule ya Kiingereza ataelewa 08:00, na mratibu wa Kijapani hataelewa lolote.
- Viza mapema. Pasipoti za Tanzania, Kenya na Uganda zinahitaji viza ya Japani, na ubalozi utataka ratiba inayoonyesha mtakapolala kila usiku, ukiwemo huu wa Asuka.

Kwa kila mwanafunzi:

- Pasipoti mwilini. Mgeni mwenye miaka 16 na kuendelea anatakiwa kisheria kutembea nayo, na wanaolaza wageni huomba kuiona.
- Begi dogo la usiku mmoja: nguo za kulalia, taulo ya kuogea, mswaki, nguo za kesho.
- Viatu vya kuvulika haraka. Buti lenye kamba ndefu litachelewesha nyumba nzima mlangoni.
- Soksi safi jozi mbili au tatu, zisizotoboka. Mtaonekana miguu siku nzima.
- Taulo ndogo ya mkono. Vyoo vingi vya umma havina karatasi za kufutia mikono wala mashine ya kuikaushia.
- Mfuko wa plastiki wa kubebea taka zako mwenyewe.
- Adapta. Soketi za Japani ni za pini mbili bapa, umeme wa volti 100. Chaja ya simu iliyoandikwa 100–240V haina tatizo. Pasi au kikausha nywele cha 240V kiache nyumbani, hakitapata moto wa kutosha.
- Pesa taslimu, kiasi cha yen 5,000, zikiwemo sarafu. Kadi za nje hufanya kazi kwenye mashine za pesa ndani ya maduka ya 7-Eleven.
- Zawadi ya familia.

Kuhusu zawadi: mkono mtupu haulambwi, na Japani hali ni hiyohiyo. Kahawa iliyokaangwa, majani ya chai, kanga au kikapu kidogo vinatosha. Usibebe nyama ya aina yoyote, hata iliyokaushwa au soseji za kufungwa kiwandani, wala matunda mabichi: vitachukuliwa uwanja wa ndege. Ukipeleka kanga, andika kwenye kikaratasi maana ya maneno yake kwa Kiingereza chepesi. Wataulizia tu, na mwanafunzi atababaika.

Dawa nazo zina sheria zake. Baadhi ya dawa za mafua zenye pseudoephedrine nyingi haziruhusiwi kuingia Japani, hata kama kwenu zinauzwa bila cheti. Dawa za daktari beba zisizozidi za mwezi mmoja, zikiwa kwenye paketi yake pamoja na cheti.

Hatua

1. Jaza fomu za wanafunzi, angalau mwezi mmoja kabla. Hapa ndipo usiku unapotengenezwa au kuharibiwa. Sehemu ya chakula isijazwe kwa neno moja. «Muislamu» au «halal» haimsaidii bibi wa kijijini anayejua kupika lakini hajui mipaka. Orodhesha vitu: nguruwe, mafuta ya nguruwe, hamu na bekoni, jelatini, pombe ya kupikia na mirin, ambayo ni kiungo kitamu chenye kileo kinachotiwa kwenye michuzi mingi. Kisha andika anachoweza kula: samaki, mayai, mboga, tofu (ya soya), wali. Kuku wa halali ni vigumu kumpata kijijini; ukikubali samaki mapema, unamwondolea mwenyeji mzigo. Asiyekula samaki aseme hivyo waziwazi, kwa sababu supu nyingi huanza na dashi, mchuzi wa samaki mkavu na mwani, na mpishi hauhesabu kuwa samaki. Mzio wa karanga, mayai, kamba au soba (tambi za buckwheat) uandikwe pamoja na kinachotokea mtu akila. Hofu ya paka na mbwa nayo iandikwe.

2. Tuma masanduku makubwa mbele. Asubuhi ya kuondoka, au usiku wa kuamkia siku hiyo, yakabidhi hotelini Kyoto yapelekwe kwa huduma ya vifurushi hadi hoteli ya kesho. Ndani ya eneo la Kansai, yaani Kyoto, Nara, Osaka na jirani zake, kwa kawaida hufika siku inayofuata. Makabati ya sarafu ya stesheni yapo, lakini kikundi cha watu 23 hakipati makabati makubwa 23 kwa pamoja. Usiyategemee.

3. Mpe kila mtu kadi yake ya treni. ICOCA inauzwa yen 2,000. Yen 500 kati yake ni dhamana, 1,500 ni za nauli. Ongeza yen 1,000 palepale. Kyoto hadi Nara kwa treni za kampuni ya Kintetsu ni takriban yen 760, kisha kuna safari ya Asuka, na asiyeongeza atabaki na salio dogo mno mwishoni. Kadi moja haiwezi kuwapitisha watu wawili getini.

4. Ondokeni Kyoto 08:00, yaani saa mbili asubuhi. Pandeni Kintetsu, si kwa sababu ya bei, bali kwa sababu stesheni ya Kintetsu-Nara iko karibu na bustani ya kulungu kuliko ile ya JR, kampuni nyingine ya reli. Treni ya kawaida ya haraka huchukua kama dakika 50, na mara nyingine mnabadilisha stesheni ya Yamato-Saidaiji. Treni ya «limited express» ni kama dakika 35 lakini ina malipo ya ziada na viti vya namba; msiipande kwa kubahatisha. Gawa kikundi katika makundi manne, kila moja lipande mlango wake wa behewa. Treni haitangoji wa mwisho anayekimbia.

5. Nara: chagueni mahali pawili, basi. Sisi tungechagua hekalu la Todai-ji na ukumbi wake wa Nigatsu-do. Kutoka stesheni mnatembea kuelekea mashariki kama dakika 20. Mtapita hekalu la Kofuku-ji, ambalo pagoda (mnara) yake ya ghorofa tano iko kwenye ukarabati mrefu, kwa hiyo usiwaahidi wanafunzi picha yake. Simameni lango la Nandaimon, la kuingilia Todai-ji, na mtazame juu pande zote mbili: walinzi wawili wa mbao, kila mmoja zaidi ya mita 8, walichongwa mwaka 1203 na Unkei, Kaikei na mafundi wao. Wengi hulipita hilo lango wakiangalia kulungu.

   Ndani ya ukumbi mkuu kuna sanamu ya shaba ya Buddha ya mita 15 hivi, iliyozinduliwa mwaka 752, wakati Nara ilikuwa mji mkuu. Ukumbi unaouona leo ulijengwa upya na kumalizika mwaka 1709. Tengeni dakika 60 na kiingilio cha takriban yen 800 kwa mtu. Nguzo moja nyuma ya sanamu ina tundu ambalo watoto hupenyeza miili. Husemwa ni sawa na tundu la pua la sanamu. Foleni yake inakula nusu saa. Waambie mapema: wembamba wachache wajaribu, wengine wapige picha.

   Nigatsu-do iko juu kidogo, kuingia ni bure, na kutoka barazani jiji zima la Nara linaonekana. Hekalu la Kasuga Taisha na taa zake za mawe ni pazuri, lakini kwenda na kurudi kutakula muda wa chakula. Liacheni kwa safari nyingine.

6. Kulungu: wapeni sheria kabla hawajashuka kwenye treni. Ni wanyama wa mwitu, zaidi ya elfu moja, wanaolindwa na serikali. Biskuti zao, shika senbei, huuzwa kama yen 200 kwa kifungu. Ni hizo tu wanazopewa, si mkate wala chipsi. Toeni biskuti moja moja, haraka. Anayezungusha biskuti mkononi ili kulungu ainame mara tano kwa ajili ya video ndiye anayeumwa matakoni. Zikiisha, onyesha viganja vitupu, ataondoka. Karatasi na mifuko ya plastiki isining'inie mfukoni: kulungu hula plastiki, na wamewahi kufa kwa hiyo. Septemba hadi Novemba madume ni wakali. Mei hadi Julai majike wana watoto, usimkaribie mtoto hata kama amelala peke yake.

7. Kuleni mchana ndani, si bustanini. Boksi la chakula likifunguliwa kwenye nyasi, si lenu tena. Rudini mtaa wa Higashimuki, kando ya stesheni, mnakoweza kula kwa makundi madogo. Sushi ya majani ya mpersimoni, kakinoha-zushi, ni chakula cha hapo hasa: samaki aliyetiwa chumvi juu ya wali, kimefungwa kwa jani ambalo haliliwi. Anayejiepusha na pombe aache achari ya nara-zuke, imelowekwa kwenye machicha ya sake, pombe ya mchele.

8. Ondokeni Nara 14:00, saa nane mchana. Kintetsu-Nara hadi Yamato-Saidaiji, badilisheni kwenda Kashiharajingu-mae, badilisheni tena kwenda Asuka. Ile ya mwisho hamuwezi kuikwepa, kwa kuwa njia ya Yoshino, inayopita Asuka, ina reli nyembamba kuliko ile mliyotoka nayo, treni zile haziwezi kuendelea juu yake. Mabadilisho yote mnafanya bila kutoka getini. Tenga saa moja na robo. Walimu wawili wawe behewa la mbele, mmoja nyuma, na hesabuni watu kwenye jukwaa kila mnapobadilisha, si ndani ya treni milango ikiwa imefungwa.

9. Makabidhiano 15:30. Fikeni dakika 10 kabla. Kutakuwa na sherehe fupi: mratibu anazungumza, kiongozi wenu anazungumza dakika mbili, majina yanasomwa, kila familia inachukua wageni wake. Wafundishe wanafunzi kuinama badala ya kunyoosha mkono, na kusema «yoroshiku onegaishimasu», maneno ya kuomba kupokewa vizuri. Wenyeji wengi wataomba waitwe otosan na okasan, baba na mama. Mtoto aliyezoea kumwamkia kila mtu mzima hatapata shida hapo. Shida hupata anayesubiri aulizwe ndipo aseme. Zawadi itolewe kwa mikono miwili mkifika nyumbani, si katikati ya ukumbi.

10. Mlangoni na ndani. Kuvua viatu si kitu kipya kwa mtoto wa Pwani. Kipya ni hizi ndara. Unavua viatu chini kwenye genkan, sehemu ya kuingilia nyumbani, bila kukanyaga sakafu ile kwa soksi, unapanda, unavigeuza pua zielekee nje. Unavaa ndara za ndani. Ukifika chumba cha mikeka ya tatami unazivua, unaingia kwa soksi. Ukienda chooni unaziacha nje na kuvaa za choo zilizomo ndani. Kosa la kila usiku ni mgeni kurejea mezani na ndara za choo. Hakuna atakayemkemea, lakini kila mtu ameona.

    Chooni, kitufe chenye alama ya 大 ni maji mengi, 小 ni machache. Karatasi inatupwa ndani ya choo, si kwenye ndoo. Anayetumia maji atakuta kitufe cha おしり, cha kujisafisha kwa maji. Akae kwanza, ndipo abonyeze. 

11. Bafu. Bafu la nyumbani ni la mtu mmoja mmoja, mlango umefungwa. Hofu ya kuoga pamoja haina mahali hapa. Maji ya beseni ni ya familia nzima kwa usiku mzima, ndiyo maana utaratibu haupindwi:

    - Keti kwenye kiti kidogo nje ya beseni, jisugue kwa sabuni, osha kabisa. Aliyepaka mafuta ya nazi au losheni nzito ajisugue mara mbili. Utando wake unabaki juu ya maji.
    - Funga nywele au rasta juu. Taulo haliingii majini.
    - Ingia polepole, maji ni nyuzi 40 hadi 42. Dakika 10 zinatosha. Kizunguzungu kikianza, toka.
    - Usizibue kizibo. Narudia: usizibue. Rudisha kifuniko juu ya beseni ili joto lisipotee.
    - Msichana aliye kwenye siku zake aoge kwa bomba la nje ya beseni tu. Amwambie mama wa nyumba, haitakuwa ajabu.

12. Mezani na kulala. Subiri wote waseme «itadakimasu», neno la kuanza kula. Vijiti visisimikwe wima kwenye wali, na chakula kisipokezanwe kijiti kwa kijiti. Vyote viwili ni vya msibani. Bakuli la wali na la supu huinuliwa mkononi. Jipakulie kidogo, uongeze. Kubakiza wali ni kosa kubwa kuliko kuomba wa pili. Baada ya chakula sema «gochisosama», shukrani ya chakula, na ubebe vyombo vyako jikoni.

    Futon, godoro la kukunja, hutandikwa juu ya tatami. Wakati wa baridi nyumba nyingi za zamani ni baridi kweli ukitoka kwenye chumba chenye hita; vaa soksi kitandani. Hita ya mafuta ya taa usiiguse wala usianike nguo juu yake. Anayeswali aombe mahali pasafi mapema. Kibla kutoka hapo ni magharibi, ukielekea kaskazini kidogo. Asubuhi kunja futon, weka mashuka juu yake.

Mambo yakiharibika

*Mwanafunzi ameachwa kwenye jukwaa.* Kanuni ifundishwe mapema: aliyeachwa abaki palepale, aliye ndani ya treni ashuke stesheni inayofuata na asimame. Mwalimu wa nyuma ndiye anayerudi. Kila mmoja awe na kadi yenye jina la stesheni ya Asuka (飛鳥) na namba ya simu ya mwalimu.

*Geti limefungwa usoni mwa mtu.* Salio halitoshi, au hakugusa vizuri alipoingia. Kuna mashine ya kuongeza nauli karibu na geti. Ikishindikana, aende dirishani kwa mfanyakazi. Asipenye nyuma ya mwenzake.

*Mtachelewa.* Pigeni simu kwa mratibu mara tu mnapojua, hata ikiwa ni dakika 10. Usisubiri hadi iwe nusu saa kwa matumaini kwamba mtafidia njiani. Treni za hapa hazifidii.

*Kulungu amemuuma au kumgonga mtu.* Osha kwa maji na sabuni. Ngozi ikichanika, nendeni hospitali.

*Familia haijui Kiingereza.* Ndivyo ilivyo nyumba nyingi. Wapakue programu ya tafsiri pamoja na Kijapani cha kutumika bila intaneti, na waongee sentensi fupi, zisizo na methali. Picha za nyumbani kwenye simu, shamba, soko, chakula, hufanya kazi kuliko tafsiri.

*Chakula asichokula kimewekwa mezani.* Asikae kimya akakichezea. Aguse kifua, ainamishe kichwa, aseme «sumimasen» (samahani), aonyeshe fomu yake. Akimaliza amwambie mwalimu. Mzio wenye dalili haungojei asubuhi.

*Kizibo kimezibuliwa.* Aseme papo hapo. Kujaza na kupasha upya kunachukua muda, na mzee anayekuta beseni tupu saa nne usiku ndiye anayekasirika.

*Tetemeko, au simu zote zinalia kwa mlio mkali.* Chini ya meza, mbali na kabati na vioo. Usikimbilie nje. Mtetemo ukiisha, fuata mwenyeji. Yeye anajua mahali pa kukusanyika.

*Ugonjwa usiku.* Amwamshe mwenyeji bila aibu. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 119, polisi 110. Mwalimu awe na simu yenye sauti usiku kucha na nakala za bima za wote.

*Kitu kimesahaulika kwa familia.* Hutokea kila safari, mara nyingi ni chaja. Mwambie mratibu, si familia, na lipa gharama ya kukituma hadi hoteli yenu inayofuata. Barua za shukrani za wanafunzi zipitie kwake vilevile, ndani ya wiki mbili, kila nyumba na yake, na picha ya pamoja ndani yake.